Njia ya kinga nayo ni barabara

Kabla jua halijachomoza Kabambare, watu wa kwanza kushika barabara si madereva. Ni wanaume na vijana wenye kinga, kama wakaaji wa huko wanavyoiita baiskeli. Bidoni za mafuta ya mawese zimefungwa pande zote mbili kwa vipande vya mpira wa tairi. Fimbo moja imefungwa kwenye usukani, nyingine imesimama nyuma ya kiti. Mwenye kinga hapandi, anasukuma. Mbele yake kuna Kasongo, zaidi ya kilometa 100 za vilima, vijito, msitu na majani marefu. Akibahatika atafika baada ya siku chache. Mvua ikimkuta njiani, hakuna anayeweza kumwambia atafika lini.

Mgeni akipita huko kwa mara ya kwanza huisifu njia hiyo. Ni nyembamba na ina kivuli. Inapanda vilima na kushuka mabondeni, inakata misitu ya kando ya mito, inafuata bonde la Luama, kisha inatoka kwenye mbuga wazi ambako upepo unavuma bila kizuizi. Hakuna honi wala vumbi la malori. Ndege wanasikika, na minyororo ya baiskeli inasikika. Katika nchi nyingine, watu wangelipa pesa kwa ajili ya likizo ya kupita mahali kama hapo.

Lakini wakaaji wa kusini mwa Maniema wanajua kwamba utulivu huo haukuletwa na amani wala na mpango wa mtu. Njia ni kimya kwa sababu malori hayawezi kupita. Madaraja yamevunjika, mifereji ya maji imeziba, na mahali pengine ile iliyokuwa barabara ya magari mawili kupishana imebaki upana wa tairi moja. Ni baiskeli iliyozuia njia hiyo isifungwe kabisa na majani. Kwa hiyo swali linalopaswa kuulizwa Kindu na Kinshasa ni hili: kama baiskeli ndiyo inayolisha teritwari za Kasongo na Kabambare, kwa nini njia yake haihesabiwi kuwa barabara, na kwa nini mwenye kinga anahesabiwa kila anapotakiwa kulipa?

Tuanze na kile anachobeba. Bidoni 6 za lita 20 ni lita 120, karibu kilo 110 za mafuta. Wengine hubeba magunia ya mchele, karanga, mihogo mikavu au mahindi kutoka mashambani kwenda sokoni. Wakirudi huleta chumvi, sabuni, nguo, betri, daftari za shule, dawa za madukani, na samaki wakavu waliotoka ziwa Tanganyika. Kijiji kilicho mbali na mji hupata chumvi kwa sababu kuna mtu aliyeisukuma. Bei ya chumvi hiyo ina jasho lake ndani, ina mipira aliyotoboa ndani, na ina kila faranga aliyoiacha njiani.

Baiskeli hiyo hiyo ndiyo gari la wagonjwa. Mama mjamzito ambaye uchungu umemshika usiku katika kijiji cha ndani hapelekwi kituo cha afya kwa gari. Hukalishwa nyuma ya kinga, au hulazwa kwenye machela wakati mlima ni mkali mno. Chanjo za watoto nazo zinatoka kwenye ofisi kuu za zone za afya kwenda vituo vya vijijini ndani ya masanduku ya baridi, kwa pikipiki pale inapopita, na kwa baiskeli au miguu pale isipopita. Barafu ndani ya sanduku haisubiri daraja litengenezwe.

Hali hii ina historia ndefu. Njia inayounganisha Tanganyika na Lualaba kupitia Kabambare ni ya zamani kuliko magari, tena ni ya zamani kuliko nchi yenyewe. Katika karne ya 19 misafara ya wafanyabiashara Waswahili na Waarabu ilivuka ziwa kutoka Ujiji, ikapita nchi ya Kabambare na kufika Kasongo na Nyangwe. Tippu Tip aliifanya Kasongo makao yake. Lugha ya Kiswahili inayosemwa leo Maniema ilipita njia hiyo. Watumwa na pembe za ndovu pia zilipita humo, mizigo ikiwa juu ya vichwa vya watu. Mwaka 1893 jeshi la Leopold liliteka Kasongo, na mizigo ikaendelea kuwa juu ya vichwa vya watu, bwana tu ndiye aliyebadilika.

Wabelgiji walipojenga reli kutoka Kindu kwenda Kongolo, kabla ya vita vya kwanza vya dunia, waliipitisha upande wa magharibi wa Lualaba, Kibombo na Samba. Kasongo ilibaki ng'ambo ya pili ya mto, na Kabambare ikabaki mbali zaidi. Barabara zilizokatwa baadaye zilitengenezwa kwa nguvu za wanavijiji, ambao kila kijiji kilipewa kipande chake cha kulima na kusafisha, kwa lazima. Ulikuwa mzigo wa kikoloni, na hakuna mzee anayeukumbuka kwa furaha. Hata hivyo, ulipoondoka, hakuna kilichowekwa mahali pake kikadumu. Ukafuata uasi wa 1964, kisha vita vya 1996 na 1998, na majani yakamaliza yaliyobaki.

Mwaka 2004 mwandishi wa habari Mwingereza, Tim Butcher, alipita kwa pikipiki kutoka Kalemie hadi Kabambare, Kasongo na Kindu. Katika kitabu chake Blood River, kilichotoka 2007, alisimulia barabara iliyogeuka kuwa kijia cha msituni, na watu aliokutana nao humo wakisukuma baiskeli zenye mizigo ya mafuta. Wasomaji wa Ulaya walishangaa. Kwa msomaji wa Kasongo hakukuwa na cha kushangaza humo, kwani huenda mmoja wa watu hao alikuwa mjomba wake. Zaidi ya miaka 20 imepita tangu safari ile, na mjomba, au mtoto wake, bado anasukuma.

Mzigo wa kwanza wa mwenye kinga ni njia yenyewe, hasa mahali pa kuvuka maji. Mlima unachosha, lakini mlima hauzuii safari. Kinachozuia ni kijito cha mita 5 ambacho daraja lake limebaki magogo mawili yenye utelezi. Hapo hufungua mizigo yote, hubeba bidoni moja moja kichwani, huvusha baiskeli begani, kisha hufunga tena. Vijito vya namna hiyo vikiwa 10 njiani, siku nzima imeliwa na mafundo ya kamba. Kuanzia Septemba hadi Mei, msimu wa mvua unapotawala, kijito hicho kinaweza kumzuia mtu na mzigo wake mpaka maji yapungue.

Mzigo wa pili ni barieri. Katika mashariki mwa Kongo, kamba au mti uliolazwa katikati ya njia umekuwa kiwanda kisichohitaji malighafi. Mwaka 2017 shirika la utafiti IPIS la Ubelgiji lilihesabu barieri karibu 800 katika majimbo mawili ya Kivu peke yake. Nyingine ziliwekwa na wenye silaha wasio na sheria, nyingine nyingi na watu wa serikali. Maniema si kisiwa. Kila anayesafirisha mzigo anaijua hesabu: hapa ni ya usalama, pale ni ya soko, mbele ni ya usafi, na mahali pengine hakuna jina wala risiti. Lori lenye tani 10 linagawanya malipo hayo juu ya mzigo mkubwa. Mwenye kinga anayagawanya juu ya bidoni 6. Kwa hiyo mdogo ndiye anayelipa zaidi kwa kila kilo, tena kwa kupita njia ambayo hakuna aliyemtengenezea.

Wanaosimamia barieri hizo wana jibu lao, na haifai kulipuuza. Sekta na shefferi zina watumishi wanaotakiwa kulipwa. Katiba ya 2006, katika kifungu cha 175, ilisema majimbo yabakize asilimia 40 ya mapato ya kitaifa yanayokusanywa kwao. Majimbo yamelia kwa miaka mingi kwamba pesa hizo haziji kama ilivyoandikwa, na kinachochelewa Kinshasa kinachelewa mara mbili kufika kwenye sekta. Shefu asiyepata kitu kutoka juu hutazama chini, na chini anamwona mtu mwenye baiskeli.

Maelezo hayo yanaonyesha chanzo cha tatizo, lakini hayahalalishi kinachofanyika. Amri-sheria ya Machi 2018 iliorodhesha kodi, ushuru na tozo ambazo jimbo na maeneo yaliyogatuliwa yanaruhusiwa kutoza. Kisichokuwa katika orodha hiyo hakina haki ya kusimamisha mtu njiani. Na hata kilichomo katika orodha kinadai bei inayojulikana, risiti, na mahali pesa zinapokwenda. Mkaaji wa Kabambare ana haki ya kuona karatasi iliyobandikwa kwenye ofisi ya sekta na sokoni, kwa Kiswahili anachokisoma, ikisema: hiki ndicho kinacholipwa, hiki hakilipwi.

Wapo watakaosema kwamba kuzungumzia baiskeli ni kuwataka wakaaji wabaki nyuma. Watasema barabara kubwa inakuja, pikipiki zimeshafika, na programu ya maendeleo ya teritwari 145 imeandika barabara za mashambani katika mpango wake. Ni kweli kwamba hakuna mzazi anayetaka mtoto wake azeeke akisukuma kilo 110. Barabara ya malori kutoka Kindu hadi Kasongo na Kabambare, na kutoka huko hadi ziwani, ni haki ya wakaaji, na wasiache kuidai.

Lakini kuisubiri bila kufanya kitu kuna gharama yake. Ahadi ya barabara kubwa imekuwa sababu ya kutotengeneza njia ndogo. Kila mwaka wahandisi hutajwa, mashine hutajwa, na wakati huo magogo mawili juu ya kijito yanaendelea kuoza. Pikipiki nazo zinapita kwenye kijia kile kile cha upana wa tairi moja. Daraja la mbao linalomfaa mwenye kinga linamfaa mwenye pikipiki, mwanafunzi, na mama anayebeba kitunga mgongoni. Na mtaro unaoondoa maji ya mvua leo utakuwa umelinda udongo ambao lori litapita kesho.

Tena kuna ushahidi kwamba kidogo hicho si kidogo. Wachumi Wyatt Brooks na Kevin Donovan walichunguza vijiji vya Nicaragua, huko Amerika ya Kati, ambavyo mito ilikuwa ikivitenga na masoko wakati wa mafuriko. Vijiji hivyo vilijengewa madaraja ya waenda kwa miguu tu, si ya magari. Katika matokeo yaliyochapishwa 2020 waliandika kwamba faida ya mashamba ilipanda kwa karibu asilimia 75. Wakulima walianza kutumia zaidi kwa mbolea na kuacha kurundika akiba kubwa nyumbani, kwa sababu walijua kwamba soko litafikika hata mto ukijaa. Mkulima wa mchele wa Kasongo hahitaji kufundishwa somo hilo. Anajua kiasi anachopoteza kila mvua inapomfungia.

Ubelgiji yenyewe, iliyoacha nyuma yake barabara za kulimwa kwa lazima, inatoa mfano wa pili. Tangu 1995 mkoa wake wa Wallonia umegeuza reli zilizokufa na kingo za mifereji kuwa mtandao wa njia za baiskeli na waenda kwa miguu, unaoitwa RAVeL. Njia hizo hupita msituni na mabondeni, kimya, mbali na magari. Tofauti na Kabambare haiko kwenye miti wala kwenye vilima. Tofauti ni kwamba njia ile ina mwenyewe. Ina jina kwenye ramani ya serikali, ina bajeti, na daraja lake likivunjika kuna ofisi inayoulizwa.

Hilo ndilo linalokosekana. Mfuko wa kitaifa wa matengenezo ya barabara, FONER, uliundwa kwa sheria ya Julai 2008, na chanzo chake kikubwa ni tozo kwenye mafuta ya magari. Nchi isiyopitika kwa magari haiuzi mafuta mengi, na ikitazamwa kwa hesabu za mafuta itaonekana kama haina wasafiri. Wasafiri wapo, na ni wengi. Wanatumia miguu. Ofisi ya barabara za mashambani, OVDA, ndiyo inayopaswa kuwaona, na haiwezi kuwaona ikihesabu magari tu.

Kuna mambo matatu yanayowezekana kabla ya mvua nyingine kuanza, bila kusubiri mashine kutoka mbali.

La kwanza ni kuorodhesha mahali pa kuvuka. Mashefu wa sekta na wa groupement, pamoja na wenye kinga wenyewe, wanaweza kuandika kila kijito chenye daraja bovu kati ya Kasongo, Kabambare na mpaka wa Fizi. Hakuna mtaalamu anayeijua orodha hiyo kuliko mtu aliyefungua mizigo yake hapo mara 40. Bunge la jimbo lipewe orodha hiyo, na bajeti ya jimbo itaje vijito hivyo kwa majina. Mafundi seremala wapo, na mbao ngumu ziko karibu. Kinachohitajika ni misumari, vyuma, malipo ya mafundi, na mtu atakayewajibika.

La pili ni kuwalipa watu wa kutunza njia. Kamati za vijiji za kutunza barabara zimejaribiwa mahali pengi nchini, na zinafanya kazi pale zinapopewa makoleo, mapanga na mshahara unaofika kwa wakati. Zinakufa pale zinapogeuzwa kuwa salongo ya bure isiyokwisha. Barieri pekee inayokubalika kwenye njia ya udongo ni ile ya mvua, inayosimamisha magari mazito kwa saa chache baada ya mvua kubwa ili yasichimbe matope. Barieri hiyo haimwombi mwenye kinga kitu. Inamlinda.

La tatu ni kuiondoa baiskeli kwenye malipo yote ya njiani. Asiyetumia lita moja ya mafuta, asiyeharibu daraja, na anayebeba chakula cha watu hapaswi kulipia upana wa tairi lake. Ushuru wa soko alipe sokoni, mara moja, kwa risiti. Gavana anaweza kutangaza hilo, na wakubwa wa polisi na wa jeshi katika eneo wanaweza kulisimamia. Sekta zitapoteza faranga chache za barieri, lakini masoko yatapata wauzaji wengi zaidi, na ushuru wa soko uliojaa ni mkubwa kuliko ushuru wa kamba.

Hakuna kati ya hayo litakalosimama bila usalama. Upande wa Salamabila na machimbo ya Namoya, wakaaji wamekaa miaka mingi kati ya makundi yenye silaha na askari, na mwenye kinga amekuwa wa kwanza kunyang'anywa. Tangu Bukavu ilipotekwa na M23 Februari 2025, vita vimeishika moja ya milango ambayo bidhaa za mashariki hutokea. Wakati kama huo, njia za ndani, za kijiji kwa kijiji, zina thamani zaidi. Askari anayelinda njia hiyo analinda jeshi lake mwenyewe, kwa sababu hata chakula chake kinapita humo. Lakini askari anayesimama kwenye kamba kudai faranga, mwenye kinga hana namna ya kumtofautisha na yule aliyetoka porini.

Wanasiasa wa Maniema wanapoomba kura husifu ujasiri wa vijana wa kinga. Sifa hizo zinawastahili. Zingekuwa na uzito zaidi kama zingefuatana na mbao 20 na kilo chache za misumari kwenye kila kijito, na kamba moja pungufu kwenye kila kilima. Kusini mwa Maniema pana njia tayari, iliyochongwa na matairi ya wale wasio na gari. Serikali haiombwi kuianzisha. Inaombwa kuiandika kwenye ramani yake, kuitunza, na kuacha kuwatoza wanaoiweka wazi.

Kesho alfajiri mafuta yatatoka tena Kabambare. Yatafika Kasongo, kwa sababu wenye kinga hawajawahi kusubiri ruhusa ya mtu ili waishi. Bei yake sokoni itawaambia wakaaji kama kuna aliyesikia.